Blanketi la Lushoto

Mwaka 1996 mimi na mume wangu Barnabas tulitoka Muhuru Bay, kwetu Kenya kando ya Ziwa Viktoria, kwenda Lushoto, mji wa kale juu ya milima kule Tanzania, kwa sababu tu nilikuwa nimeuona kwenye kalenda: nyumba za mawe, paa za vigae vyekundu.

Barnabas alibeba sweta aliyofumiwa na mamake, rangi ya boga, viwiko vimetoboka. Nilimcheka njia nzima.

"Mimi nimezaliwa ziwani," nikamwambia. "Baridi gani itanishinda?"

Asubuhi ya kwanza ilinishinda kabla sijamaliza kunawa uso. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi mlangoni pa hosteli tuliyofikia, na nguo zangu zote zilikuwa za jua la kwetu. Kumwomba sweta nikaona aibu. Basi nikavuta blanketi la kijivu kitandani, nikajitanda mabegani kama mke wa waziri. Nikamwagiza Barnabas atembee nyuma yangu, watu wasijue tuko pamoja.

Mji ulinipokea vizuri mno. Wasichana wa shule walinitazama wakaziba midomo. Fundi baiskeli aliacha kazi akasimama wima. Mzee mmoja aliyekuwa akifungua duka akauliza, "Mama, mnahama leo?" Sikumwelewa, ila nilimpungia mkono kwa madaha. Nikawaza, hawa hawajawahi kuona Mjaluo akitembea. Nikazidi kuringa.

Sokoni niliinama kuchagua plamu. Mama muuzaji akaninong'oneza, "Dada, mgongoni umeandikwa 'Mali ya Hosteli. Isitolewe Nje.'"

"Wapi?"

"Mgongo mzima."

Niligeuka. Barnabas alikuwa ameshikilia nguzo ya kibanda, machozi yanamtiririka kwa kicheko.

"Yawa! Umeona tangu lini?"

"Tangu mlangoni. Si ulisema nisikukaribie?"

Akavua sweta, akanivika mbele ya soko zima. Nikalikunja blanketi, maandishi ndani, tukarudi. Mama msimamizi wa hosteli alilipokea, akatuletea chai ya tangawizi na koti moja kuukuu lililosahauliwa na mgeni. Barnabas akalivaa, akaacha kutetemeka.

Tuliketi barazani tukila plamu. Ukungu ulipopanda, nyumba za kale zilijitokeza moja moja mtelemkoni, vigae vyake vikimeta kwa umande.

"Kumbe ndizo zile za kalenda!" nikasema. "Kesho tuzitafute."

Barnabas akatema kokwa. "Tumezipita zote asubuhi."