Karatasi Iliyo Kwenye Trei

Bosi wetu haiamini kompyuta kuhesabu muda. Programu yetu ya ujumbe ingeweza kuhesabu yenyewe, lakini yeye alinunua saa za mezani arobaini, na kila ujumbe ukitoka mimi natega moja, sekunde tisini. Jibu likiwahi, naizima. Saa ikilia, mama wa masjala anaandika namba ya laini kwenye karatasi, anaiweka kwenye trei, na bosi anaikata laini hiyo. Mwenye kuuliza anaandikiwa "Hakuna jibu", basi. Majibu yaliyoingia bosi huyapeleka kwa kubonyeza kitufe, bila kuyasoma, trei ikiwa tupu. Watu wazima wanalipwa kwa kazi hii.

Jumanne asubuhi kaka yangu alimwandikia mwalimu mmoja: "Nikuoe?" Alishaniambia kwamba akikosa jibu anapanda ndege mchana huohuo, na hatauliza tena. Namjua, kichwa chake kigumu. Niliitega saa yake, ya laini namba kumi na saba.

Jibu liliingia sekunde ya themanini na tisa. "Ndiyo." Niliirukia saa, nikaikuta inalia. Nilipoizima, mama wa masjala alikuwa ameshaandika.

"Ameshajibu, mama. Ifute hiyo."

"Imeshaingia kwenye trei, mwanangu. Vya kwenye trei si vyangu."

Nikamgeukia bosi. "Kumi na saba amejibiwa."

"Saa uliizima?"

"Niliizima, lakini..."

"Ingekuwa imezimwa, kusingekuwa na karatasi. Na karatasi naiona."

"Basi tazama skrini kabla hujakata. Amejibiwa, bosi."

"Mimi nashughulikia karatasi," alisema kwa upole, akakata laini ya tisa.

Zilibaki karatasi mbili. Akakata ya thelathini. Niliogopa kama sijawahi kuogopa ofisini. Nikaichomoa karatasi ya mwisho kwenye trei, nikaitia mdomoni.

Bosi aliikuta trei tupu. Akaiinua, akachungulia chini yake. Kwa kukosa la kukata akageukia skrini, kwa mara ya kwanza mwaka huu, akasoma polepole.

"Lakini huyu amejibiwa," alisema.

Akabonyeza, na ile "Ndiyo" ikaenda kwa kaka yangu. Nikakaa sakafuni kwa furaha.

"Amejibiwa, na mimi nilikuwa karibu kumkata." Sasa alikuwa amekasirika kweli. "Mbona hukuniambia?"

Nilikuwa natafuna.