Alama Moja ya Kuzungumza

Kusoma Kiingereza, nne kati ya tano. Kuandika, nne. Kusikiliza, tano. Kuzungumza, moja. Florinda Calmo aligeuza karatasi, akidhani nyuma kuna maelezo. Nyuma kulikuwa kweupe.

"Moja, Mwalimu? Mbona nilijibu maswali yote?"

"Mashine haikusikia kitu," alisema Mwalimu Hoffert. "Wenzako thelathini wanapayuka chumba kizima, wewe unanong'ona. Si nilikwambia upaze sauti?"

Alimwambia, kweli. Lakini mama yake, wa kabila la Wamam wa milima ya Guatemala, alimlea hivi: ukiulizwa na mkubwa, inamisha macho, jibu taratibu. Na sauti ya mashine iliyokuwa ikimuuliza masikioni ilikuwa ya mtu mzima.

"Nirudie leo. Nitapiga kelele mpaka mlinzi aje."

Mwalimu nusura acheke. "Mtihani ni Februari ijayo, binti."

"Na darasa la uuguzi?"

"Lipo saa ile ile ya darasa lako la Kiingereza. Hutoki humo mpaka ufaulu."

Februari ijayo atakuwa anamaliza shule. Baada ya hapo ni kiwanda cha nyama, kwenye mstari ule ule wa kukata nyama uliomkunja mama yake vidole, hata kitana hawezi kukishika.

Na Florinda alizaliwa katika mji huu huu wa jimbo la Nebraska, Marekani. Alikuwa na miaka mitano baba yake alipojaza fomu ya kumwandikisha shule bila kudanganya: lugha ya nyumbani, Kimam. Tangu siku hiyo shule inamhesabu mwanafunzi asiyejua Kiingereza, na kila Februari hufanya mtihani huu.

Simu ya ukutani ikalia. Florinda anatakiwa ofisini.

"Mkombozi wangu!" Bi Denise, karani, alimvutia kiti. "Mama huyu amekuja kumwandikisha mtoto, hajui Kiingereza, hajui Kispanyola. Niokoe."

Florinda akatafsiri nusu saa nzima: chanjo, basi la shule, karanga zinazomvimbisha mtoto midomo. Mtoto mwenyewe, Odilia, wa miaka mitano, alikuwa akihesabu peremende za mezani kwa kunong'ona.

"Kiingereza safi hivi!" alisema Bi Denise. "Ningekuwa na uwezo ningekuajiri leo. Haya, la mwisho. Nyumbani wanaongea nini?"

Florinda akauliza. Yule mama akacheka.

"Wewe nawe, dada! Si hiki tunachoongea?"

"Jaza wewe, una mwandiko mzuri," alisema Bi Denise, akimsukumia fomu.

Kalamu ya Florinda ilisimama juu ya kisanduku cha lugha ya nyumbani. Yule mama alikuwa akitabasamu, akingoja. Odilia alikuwa amefika peremende ya tisa.

"Andika basi, mpenzi," alisema Bi Denise, akitazama saa. "Utachelewa darasa lako la Kiingereza."