Friji la Mama Fleurette

Kila tarehe mosi Julai, Montreal nzima huhama siku moja kana kwamba mji umefukuzwa. Wasaidizi huambulia piza na bia, na asiyefanya kazi na asile. Ghislain, mwalimu wa fizikia, alikuja kumhamisha Fleurette, mama wa mchumba wake Odile, akiomba Mungu leo akubalike. Mama huyo alikwisha kusema kwamba mwanamume wa chaki hawezi kubeba hata mto.

Basi mdomo ukamponza Ghislain. Mjomba Rosaire, kaka yake Fleurette, alitoka kwenye lori na sanduku la sufuria, jasho likimtiririka.

"Mjomba, kwa fizikia hiyo si kazi," Ghislain akacheka. "Umelitembeza tu, hukulipandisha. Kazi uliyolifanyia ni sifuri!"

"Sifuri?" Rosaire akalitua. "Haya, Profesa, twende na friji."

Ngazi za chuma zilijisokota nje ya nyumba hadi ghorofa ya tatu. Kwenye kona ya kwanza friji likakwama. Rosaire, aliyekuwa upande wa juu, akaenda kutafuta kamba. Ghislain akabaki amelitegemeza kwa bega, shavu limeganda mlangoni mwa friji. Hakuthubutu kuliachia, maana Odile alikuwa chini akipanga vikapu.

Rosaire akarudi na kamba, na piza mdomoni, mshenzi yule. Wakalishusha friji hadi pale pale lilipotoka.

Fleurette, aliyesikia yote, akachungulia kutoka roshani. "Limepanda kiasi gani?"

"Halijapanda, dada."

"Basi kwa fizikia yako, kijana, umefanya kazi gani?"

Ghislain akajibu. "Sifuri, mama."

Majirani waliobeba magodoro wakaangua kicheko. Fleurette akaingia ndani. Ghislain akaketi ngazini, akajua posa imekwenda na maji.

Mara ngazi zikalia. Fleurette alikuwa akishuka na boksi la piza.

"Kula. Nilikuona ulivyong'ang'ana usiliachie, na binti yangu alikuwa chini."

"Asante, mama. Umejisumbua."

"Nijisumbue wapi? Nimeshuka tu, dunia ndiyo iliyonivuta. Kazi ni kurudi juu." Akajishika kiuno, akamtazama mgongo kama anayepima gunia. "Na mimi nalishinda friji uzito. Maliza kutafuna, mkwe wangu, halafu chuchumaa nipande."