Logo ya Kakao Wasingya

Kavira hakutaka jina lake liandikwe kwenye pakiti. Alitaka neno moja tu, Wasingya, asante ya Wanande, kwa sababu kila aliyepokea kikombe cha kakao kutoka kwake alimjibu hivyo kabla hata ya kuonja. Alikuwa akikaanga mbegu nyumbani kwake Butembo, anazisaga, anauza poda kwenye mifuko myeupe isiyo na alama yoyote. Mwenye duka mmoja ndiye aliyemwambia bila kumficha: "Mama, poda yako iko muzuri, lakini mufuko bila logo, batu banafikiri ni dawa ya panya." Ndipo akaenda kumtafuta Élysée.

Élysée alikuwa graphiste, kijana mchora nembo mwenye kompyuta moja katika chumba kimoja karibu na soko. Alikuwa mpole, na hakuchoka kuuliza.

"Mama Kavira, unataka batu baone nini kwanza?"

"Tunda ya kakao."

Akatafuta kwenye intaneti. Tunda la njano, linang'aa kama limepakwa mafuta, likajaa kwenye kioo. Kavira akalitazama, akatikisa kichwa.

"Hii haiko ya kwetu. Ya kwetu iko nyekundu, na iko na mikunjo kama uso ya koko, bibi muzee."

"Lakini mama, nani atajua?"

"Bwana yangu atajua."

Mume wake, Lusenge, alikuwa amebaki Beni, mtaa wa Beu, kwa mama yake mzazi, Adèle. Shamba lao lilikuwa kwenye njia ya Kamango, na lilihitaji mtu wa kulala karibu nalo. Mauaji ya waasi yalipoanza kusogea, Kavira alipanda hadi Butembo na watoto, Bénie na wadogo zake. Lusenge alikuwa akimtumia gunia la mbegu kavu kwa lori, na kuja mwenyewe alipoweza. Miaka ya kwanza Kavira alimsihi kila mara aliache lile shamba. Lusenge alimjibu kila mara kwamba akiliacha, watoto watakula upepo. Na ukweli ni kwamba tangu poda ianze kununuliwa, Kavira alikuwa amepunguza kumsihi.

Jioni ile alimpigia simu kumweleza habari ya logo. Lusenge alicheka mpaka akakohoa.

"Logo? Siye? Mama Bénie, sasa tumekuwa société, kampuni kabisa!"

Akaahidi kupiga foto yeye mwenyewe. Akazipiga na kuzituma, lakini alikuwa amezipiga chini ya miti, jua likizama. Élysée alizikuza kwenye kompyuta, akazigeuza huku na huku, akashusha pumzi.

"Iko giza. Ningepata ingine ya asubuhi, na tunda moja imepasuliwa, mbegu zionekane, ingekuwa kitu ya maana." Alisema hivyo kama anavyowaambia wateja wote. Kisha akaongeza, "Lakini kama ni shida, mama, tunaweza kuacha. Nitajikaza na hii."

Kavira akasema ataona. Akatoka nje, akapiga simu Beni.

"Foto iko giza kidogo," akasema.

"Huku banasema batu basiende ku mashamba hii juma. Inaonekana bamechoma manyumba kule mbele."

"Basi ngoja."

Lakini alisema hivyo kwa sauti iliyoanguka, sauti ya mtu aliyenyang'anywa kitu, na mwanamume aliyelala naye miaka yote ile aliisikia.

"Ule graphiste anangoja?"

"Anangoja."

"Nitaenda asubuhi mapema, napiga, narudi mbio. Hata sitaingia mbali."

Hapo ndipo palikuwa na nafasi ya kusema hapana. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Kavira akasema, "Uangalie sana," akakata.

Kesho yake simu ya Lusenge haikupatikana. Kavira alijiambia ni mtandao. Akakaanga, akasaga, akajaribu tena, akajiambia ni betri. Alasiri Gérard, mdogo wake Lusenge, akapiga. Alisema "Yaya," kama anavyoitwa dada mkubwa, halafu akalia tu, na Kavira akakaa chini palepale kwenye saruji ya ua.

Alishuka Beni na taksi ya kwanza iliyokubali abiria. Barabara inateremka, joto linaongezeka, na wenzake garini walikuwa wakizungumza bei ya mafuta ya mawese. Alipofika Beu alikuta ua umejaa watu na Adèle ameketi juu ya mkeka, kichwa wazi. Lusenge alikuwa ameokotwa kando ya shamba pamoja na jirani zake wawili. Walimzika kabla ya mvua.

Baada ya maziko Adèle hakulia. Alikuwa na swali moja, akalirudia kwa kila aliyeingia kumpa pole.

"Alienda kufanya nini? Nilimukataza. Nilisimama ku mulango. Akaniambia, mama, narudi sasa hivi. Kakao haikuwa ya kuvuna. Panga hakubeba ya kazi, alibeba kisu kidogo tu. Alienda kufanya nini?"

Watu waliinamisha vichwa. Kavira, aliyeketi pembeni yake, aliinamisha chake pia. Alikuwa amekijua kile kisu tangu alipokisikia kikitajwa. Kilikuwa cha kupasulia tunda.

Siku ya pili ya matanga simu yake ikalia kwa ujumbe wa sauti. Aliibonyeza bila kuangalia, akidhani ni watoto. Sauti ya Élysée ikatoka, changamfu, kubwa kuliko ua wenyewe: "Mama Kavira! Foto ingine haikufika, donc nimejikaza na ile ya giza. Nimeichora upya na mukono. Angalia mikunjo! Mwambie papa atafurahi sana!"

Wanawake wakaacha kuimba.

"Ni nani huyo?" Adèle akauliza. "Papa gani atafurahi?"

Kavira angeweza kusema uongo. Alikuwa amechoka mno hata kwa uongo.

"Ni ule wa logo, mama. Ya kubandika ku pakiti za kakao. Lusenge alienda kupiga foto ya tunda. Ni miye nilimuomba."

Adèle alimtazama kama mtu anayesoma kibao cha njia asiyoijua. Kisha akavuta kitenge chake, kilichokuwa kimelaliwa na goti la Kavira, akakivuta taratibu mpaka kikatoka chote, akageukia ukuta. Hakumsemesha tena mpaka matanga yalipoisha.

Aliporudi Butembo, Kavira alikwenda kwa Élysée. Kijana alikuwa amekwisha kusikia. Alisimama, mikono kichwani.

"Mama, ni miye niliitaka ile foto."

"Ulisema kama ni shida tuache. Ni miye sikuacha."

Logo ilikuwa kwenye kioo. Tunda jekundu, mikunjo yote mahali pake, na chini yake Wasingya. Kavira hakuwahi kuona kitu kizuri namna ile chenye neno lake ndani. Alimwomba aizime. Élysée akaizima, wakakaa, kila mmoja akitazama upande wake, mpaka mteja mwingine akabisha na kadi za harusi.

Mwezi mmoja baadaye, Gérard akapiga simu: matunda yanaoza mitini, anataka kwenda kuyavuna. Kavira akamkataza, akamlilia, akamwapisha. Gérard akajibu ndiyo, yaya, halafu akaenda. Gunia likafika na lori asubuhi moja, limeshonwa kwa kamba ileile ya siku zote, na nyumbani hapakuwa na kitu kingine cha kuleta chakula.

Kavira akapiga simu Beu. Adèle ndiye aliyepokea.

"Mama, ni Kavira. Gunia imefika. Tafadhali umukataze Gérard, asiende tena."

Upande wa pili walisikika kuku.

"Umukataze weye," Adèle akasema. "Miye, batoto yangu habanisikiaka. Ni weye banasikiaka."

Akakata.

Bénie, binti yake mkubwa, alikuwa amekwisha kuwasha makaa. Aliuliza kutoka uani kama aanze kukaanga. Kavira akamwambia aanze.