Krimu Isiyochoma

Zeina hakuweza kufumbua jicho la kushoto. Ilikuwa siku ya tano tangu awekwe ndani asuguliwe singo, na mashavu ya bibi harusi yalikuwa yamevimba, mekundu, yanatoa maji. Mama yake, Bi Khairunnisa, alilitua kopo la krimu mbele ya miguu ya Sofia.

"Kazi yako hiyo. Itazame."

"Shikamoo, mama."

"Sitaki shikamoo yako!"

Sofia alilitambua kopo. Uyoga uliomo aliuotesha mwenyewe kwenye pumba, chumbani kwao Msimbazi. Akaukausha, akausaga, akauloweka siku tatu, akauchuja kwa kitambaa, akauchanganya na mafuta ya nazi. Miaka miwili sasa alijipaka kila asubuhi kutoka kwenye ndoo ya nyumbani. Kariakoo imejaa mikorogo ya kuchubua ngozi. Yeye aliapa hatauza sumu hata afe njaa. Mumewe, Beno, ndiye aliyejaza makopo na kuuza mezani, na zamani kila jioni alirudi na wimbo uleule: "Wanarudisha, mke wangu. Wanasema haichomi. Isiyochoma, kwao ni maji."

"Waache warudishe," Sofia alimjibu siku zote.

Leo waliitwa wote wawili hapa Mchafukoge, nyumbani kwa kina Zeina. Beno alibaki mlangoni.

"Mama, huu ni uyoga tu," Sofia alisema. "Kuna mtu kampaka kitu kingine."

"Nani? Mimi? Nimuunguze mwanangu, harusi keshokutwa?" Bi Khairunnisa alipiga kofi pajani. "Mnatoka huko kwenu kusini na mauyoga yenu, mnatumalizia watoto!"

Hilo la "huko kwenu" lilimpanda Sofia kichwani. Alifungua kopo, akachota kwa vidole viwili, akajipaka shavu zima, toka chini ya jicho hadi kidevuni.

"Sofia!" Beno aliita. "Osha kwanza, tuongee."

"Nioshe nini?"

Beno alirudi nyuma hatua moja. Sofia akakaa mkekani, uso kwa uso na Zeina, kidevu juu.

"Dada," Zeina alisema taratibu, "hata mimi niliwaambia ni ya uyoga, haina neno."

Feni ilizunguka. Chini mtaani mtu alinadi mashuka kwa kipaza sauti. Shavuni mwa Sofia kwanza ilikuwa kama sisimizi watembeao, kisha moto ukaingia ndani ya nyama.

Miaka miwili hakuwahi kuhisi hata mwasho.

Akageuka. Beno alikuwa anatazama viatu vilivyovuliwa mlangoni.

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani. Kijiko kimoja tu cha mkorogo kwa kopo, Sofia. Wakaacha kurudisha."

Bi Khairunnisa alikaa chini kando ya mwanawe. Zeina ndiye aliyesukuma beseni la maji. Sofia hakuligusa. Chozi lilipita juu ya shavu, likazidisha moto.

"Nitajie walionunua," alimwambia mumewe. "Mmoja mmoja."

Beno alinyoosha vidole ahesabu. Hakulijua hata jina moja.