Mfuko wa Karatasi Nyuma ya Mlango

Nakiri kwa heshima zote kwamba bwenini kwetu nilikuwa bingwa wa kujaza pumzi mifuko ya karatasi na kuipasua kwa kishindo nyuma ya masikio ya watu. Nilipofika nyumbani Ukonga kwa likizo, niliona si haki kumnyima kaka yangu Kasimiri huduma hiyo.

Mwaka jana mtungi wa gesi ulilipuka kwenye mgahawa alikokuwa akipika. Vidonda vimepona, ila mtaalamu wa saikolojia anamzoesha jiko kidogo kidogo: wiki nne kusimama mlangoni, wiki mbili kukaa ndani. Jumanne hiyo alikuwa aliwashe mwenyewe kwa mara ya kwanza. Nililijua hilo. Nilidhani ameshapona, maana alikuwa anacheka.

Nikajibanza nyuma ya mlango wa jiko, na alipoingia nikaupasua mfuko.

Kaka alijirusha chini ya meza, mikono kichwani, akihema.

"Braza, ni mie! Utani tu!"

Mama akanivuta. "Usimguse. Mwambie yuko wapi. Ndivyo tulivyofundishwa."

Nikaketi sakafuni. "Braza, upo nyumbani, Ukonga. Leo Jumanne. Mama yupo. Mie nipo, mjinga wako."

Hakunisikia. Nikarudia mpaka koo likakauka: nyumbani, Jumanne, mama. Hatimaye akanitazama.

"Petro katoka?" akauliza.

Petro alikuwa mpishi mwenzake. Tulimzika wiki ileile ya mlipuko. Nikamgeukia mama anisaidie, naye alikuwa ananitazama mimi, akingoja nijibu.