Shikamoo Kabla ya Kengele

Jumanne, tarehe 10 Juni 2025. Asubuhi hiyo upepo wa kipupwe ulivuma mtaani Utemini tangu alfajiri, mkavu na wenye vumbi, na hata jua lilipotoka halikumpasha mtu joto.

Anastazia alikuwa amekaa kwenye mkeka, amefumba macho, akitafakari kimya hadi kengele ya saa yake ilie. Zamani alikuwa muuguzi katika hospitali ya Kilimatinde, mpaka alipochoka kuwazika watu aliowauguza. Akaenda Sri Lanka, akaishi miaka mingi na watawa wa Kibudha akijifunza kutulia. Kisha akasomea tiba ya nafsi, ile inayofundisha kwamba anayetibu na anayetibiwa, kwa undani kabisa, si wawili. Rozari yake hakuiacha popote. Sasa amerudi nyumbani kufundisha na kutibu, na leo alimtarajia mgonjwa wake wa kwanza: Agripina wa Sepuka, ambaye tangu amzike mwanawe hakuwa akila vizuri wala kuzungumza.

"Hodi," ilisema sauti ya mzee.

Anastazia aliisikia. Lakini mtawa aliyemfundisha huko alikuwa amemkanya asivunje ukimya kabla ya kengele, hata aje nani. Akaendelea kuvuta pumzi taratibu. Mzee Alute, baba yake Agripina, aliingia na binti yake, akasimama akingoja shikamoo. Haikuja. Kengele ilipolia na Anastazia akafumbua macho, mlango ulikuwa wazi, vumbi linaingia, na watu hawapo.

Akajua alichofanya. Akatoka mbio bila ndala.

Aliwakuta dukani kwa jirani yake Rahma, wakingoja gari la Sepuka.

"Shikamoo, baba," alisema, akipiga goti.

Mzee Alute alitazama barabara. "Kumbe unaongea. Nilidhani huko ulikotoka walikukata ulimi."

"Nimekosa, baba. Nilifundishwa nisikatishe ukimya."

"Ukimya huyu anao nyumbani, umejaa mpaka darini. Nimemleta hapa aongezewe?"

Rahma alicheka huku akifunga sukari. "Msamehe, mzee. Huyu anasema yeye na mgonjwa ni kitu kimoja."

"Basi kama ni kitu kimoja, marahaba ataitikia nani?"

Kokoto zilimchoma Anastazia goti. Akaomba moyoni, Mungu wangu, nisijitetee. Kisha akamgeukia Agripina, akiwa bado pale chini.

"Pole, mdogo wangu. Pole sana kwa mtoto."

Agripina aliinua uso, akamtazama.

"Anaitwa Ignas," alisema.

Mzee Alute akageuka. Jina hilo hakuwa amelisikia kinywani mwa binti yake tangu siku ya mazishi.

"Ignas," Anastazia alirudia polepole. "Nataka kusikia habari zake, kama utapenda kunisimulia."

Gari la Sepuka likaja, konda akapiga ubavu wa gari. Mzee akampungia mkono aende zake.

"Marahaba," alisema hatimaye, sauti imelegea. "Inuka, mwanangu. Lakini kwanza sema, na hawa wawili wasikie. Tukirudi pale mlangoni itakuwaje?"

Anastazia aliinuka, akajipangusa goti.

"Naahidi mbele yenu na mbele za Mungu," alisema, "mtu yeyote akipiga hodi kwangu, nitafumbua macho, nitainuka, nitamsalimu. Kengele itangoja."